Huế, Vietnam: siku mbili, mama mwenye magoti mabaya, na hatuli nguruwe

Kisauni_01
Salaam wakuu. Shule zikifungwa Novemba nataka kwenda Vietnam na mama yangu, ana miaka 68. Tutafikia Da Nang, halafu siku mbili kamili Huế kuona kasri la wafalme na makaburi yao. Naomba msaada kwa haya:
1. Da Nang hadi Huế, treni au gari?
2. Makaburi ni mengi. Yapi yanamfaa mtu asiyewezana na ngazi? Mama kwenye tambarare anatembea vizuri tu.
3. Viingilio ni kiasi gani, na vinakatwa wapi?
4. Sisi ni Waislamu, tutakula nini?
Tiketi za ndege bado hatujakata.

Fundi_Ramani
Kama hamjakata, basi anzeni na tarehe, hayo mengine baadaye. Oktoba na Novemba ndiyo miezi mibaya kuliko yote Huế. Huku pwani yetu kaskazi inaleta ukame na anga safi. Kule upepo wa msimu huohuo unatoka baharini umebeba maji, unagonga milima ya Bạch Mã na Trường Sơn iliyo nyuma ya mji, na mvua yote inamwagika hapo. Mto Hương ni mfupi, unashuka kutoka milimani moja kwa moja hadi bondeni ulipo mji, kwa hiyo maji hupanda haraka. Kukiwa na mafuriko barabara za kando ya mto hufungwa, boti haziondoki, na treni husimama. Desemba mafuriko hupungua, lakini manyunyu na baridi hubaki.

Februari hadi Aprili ndio wakati wake. Likizo ya Aprili ingewafaa zaidi. Juni na Julai kumekauka, ila jua la nyuzi 37 au 38 kwenye viwanja vya mawe bila kivuli si la kumpeleka mama.

Usafiri: treni, bila kujiuliza. Ni kilomita 100 na kidogo, saa mbili na nusu hadi tatu, na reli inazunguka mlima wa Hải Vân ikiwa juu ya bahari kabisa. Kaeni upande wa kulia mkielekea Huế. Angalizo moja: stesheni ya Da Nang ni ya mwisho wa njia, reli inaishia pale. Treni zinazotoka kusini huingia, kichwa kinahamishiwa upande wa pili, kisha zinatoka. Ndiyo maana unaweza kukuta kiti chako kinatazama nyuma, na "kulia" ya kwenye ramani ya viti ikawa kushoto kwako. Angalieni bahari ilipo, msitazame namba. Tiketi zinauzwa kwenye tovuti ya shirika la reli lenyewe, dsvn.vn. Chagueni kiti laini chenye kiyoyozi.

Mkichukua gari, mwambieni dereva mapema kwamba mnataka kupita juu mlimani. Asipoambiwa atapita kwenye handaki la kilomita 6 na zaidi, mtafika mapema na hamtakuwa mmeona kitu.

Nahodha_Mstaafu
Nijibu la 2 na la 3.

Đại Nội, yaani kasri lenyewe ndani ya ngome, ni dong (pesa ya Vietnam) 200,000. Makaburi matatu makubwa (Tự Đức, Khải Định, Minh Mạng) ni 150,000 kila moja. Ipo tiketi ya pamoja ya sehemu zote nne kwa 530,000, inayotumika siku mbili. Mkikata mojamoja ni 650,000. Ya sehemu tatu ni 420,000, lakini makaburi mawili yaliyomo yamepangwa tayari, kwa hiyo ulizeni dirishani kabla ya kulipa. Bei hupandishwa mara kwa mara, chukueni hizi kama makadirio. Tiketi mnakata getini. Hakuna haja ya wakala.

Kuhusu magoti. Khải Định ina ngazi 127, zimesimama, na uzuri wake wote uko juu kabisa: kuta na dari za vipande vya kauri na glasi. Hakuna njia nyingine ya kufika. Kwa mama, iacheni. Tự Đức ndiyo yenu. Ilijengwa 1864 hadi 1867 na mfalme akaitumia kama bustani ya mapumziko miaka mingi kabla hajafa, kwa hiyo ina ziwa, miti na mabanda ya kukaa. Ngazi zipo ila ni fupifupi. Iko kama kilomita 7 kutoka katikati ya mji.

Ndani ya Đại Nội ni tambarare karibu yote, ila ni pakubwa. Mnaingia lango la Ngọ Môn kusini na kutokea Hiển Nhơn mashariki. Dereva akiwasubiri Ngọ Môn, mtalazimika kuzunguka nje juani, kwa hiyo mwambieni akutane nanyi Hiển Nhơn. Kuna vigari vya umeme vya kulipia. Jihadharini na vizingiti vya milango, ni virefu na mtu hujikwaa akiwa anatazama dari. Ingieni saa moja asubuhi, tokeni saa nne kabla magrupu ya mabasi hayajajaa.

Watu wengi huishia ukumbi wa Thái Hòa na kugeuza. Mkifika hapo pindeni kushoto hadi Thế Miếu, hekalu la mababu wa ukoo wa kifalme wa Nguyễn. Mbele yake yamesimama majungu makubwa tisa ya shaba yaliyosubiwa 1835 hadi 1837, kila moja limechongwa wanyama, mito, mimea na silaha za nchi nzima. Mimi nayaona ndiyo kitu bora kuliko vyote ndani ya kuta zile. Nako kuna utulivu.

BintiUnguja
Nahodha nakubaliana naye kuhusu Khải Định, lakini Minh Mạng ameipita kimyakimya. Kwa ramani ndilo kaburi lenye mpango mzuri zaidi: mstari mmoja ulionyooka, malango, ua, maziwa pande zote, miti ya misonobari. Lina ngazi, ndiyo, ila zimegawanyika makundi madogo na katikati kuna mahali pa kupumzika. Mama akichoka anaweza kubaki kwenye banda la Minh Lâu na hatakosa kikubwa, maana kilima chenye kaburi lenyewe hufungwa kwa ukuta. Tự Đức asubuhi, Minh Mạng baadaye, kwa gari la kukodi nusu siku. Makaburi mawili yanatosha; la tatu mtu huona mawe tu.

Sasa chakula, hapa msiende kwa kubahatisha. Mkahawa wa halali Huế ni nadra. Na vyakula vinavyosifika vya mji huu vina nguruwe hata pasipoonekana. Bún bò Huế inaitwa ya ng'ombe, lakini supu huchemshwa na miguu ya nguruwe na mara nyingi huwekwa vipande vya damu. Bánh khoái ina nguruwe ndani, na mchuzi wake una maini yake. Cơm hến ni wali wa kombe wadogo, hunyunyiziwa mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa. Hata kwenye chè, vitamutamu vyao, kuna aina yenye vidonge vya muhogo vilivyojazwa nguruwe wa kuchoma!

Dawa ni neno moja kwenye kibao: chay. Ni mikahawa ya Wabudha wasiokula nyama, na Huế ni mji wa mahekalu, kwa hiyo ipo mingi, mizuri na ya bei nafuu. Wana hata bún bò chay. Tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo hujaa, nendeni mapema. Kwingineko agizeni samaki au kamba wa kuchoma, na muonyeshe maandishi kwenye simu: "Tôi không ăn thịt heo, không mỡ heo" (sili nyama ya nguruwe wala mafuta yake). Msitegemee kutamka, toni zitawaangusha.

Kisauni_01
Shukrani sana, mmenifungua macho. Basi ni Aprili. Mama anataka kupanda boti mtoni. Na viza je, na pesa?

Fundi_Ramani
Boti za kichwa cha joka ziko gati la Tòa Khâm. Kukodi boti nzima na kulipa kwa kichwa ni bei mbili tofauti. Andika namba kwenye simu pamoja na sifuri zake zote, mwenye boti aione, na mkubaliane kama ni kwenda tu au na kurudi. Wengi huenda hadi hekalu la Thiên Mụ, kama saa moja kwa mwendo wao. Pale kuna ngazi kutoka gatini hadi kwenye mnara. Kwa mama, pandeni gari hadi Thiên Mụ, halafu rudini kwa boti jioni: atakuwa anazishuka, hazipandi. Akiogopa hata kushuka, zungukeni mtoni tu bila kutia nanga. Kuingia hekaluni ni bure.

Viza ni ya mtandaoni, dola 25 kuingia mara moja, hadi siku 90. Tumieni tovuti ya serikali, inaishia gov.vn, nyingine zote ni madalali. Kinachokwamisha wengi ni majina: jaza yote matatu kama yalivyo kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha ya pasipoti. Herufi ikikosewa, maombi ni mapya na ada hairudi. Ombeni wiki mbili kabla, na bebeni cheti cha homa ya manjano.

Shilingi haibadilishwi kule, chukueni dola safi zisizokunjwa. Noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu, ziwekeni mifuko tofauti. Na plagi zetu za miguu mitatu haziingii kwenye soketi zao, nunueni adapta kabla ya kuondoka.