Kijana wangu anakesha na enaji, na muuzaji ni mimi

MamaDuka wa Mwanga (Kigoma)

Mwakeye wana jukwaa. Naomba msinicheke.

Nina duka dogo hapa Mwanga, friji moja. Kinachotoka haraka humo si maji wala soda, ni enaji za mia sita. Bodaboda wanachukua, wapakiaji wa bandarini wanachukua, na siku hizi hata watoto wenye sare za shule. Nilikuwa nafurahia mauzo.

Ninaishi na mtoto wa dada yangu kutoka Kasulu, yuko kidato cha nne, mtihani wa taifa ni Novemba. Wiki iliyopita natafuta gunia la mkaa nyuma ya mlango wake, nikalikuta lina chupa 14 tupu. Kwenye kila lebo kaandika kwa kalamu: "Baiolojia sura ya 4, bado." "Fizikia mawimbi, bado." "Kemia moli, bado." Zote 14 ni bado. Nikakaa kitandani kwake nimeshika ile ya mawimbi, hata mteja anayegonga dirishani sikumwitikia.

Mikono inamtetemeka akishika kikombe. Haongei. Jumapili nilimpikia migebuka kwa mawese, chakula chake, akamega matonge mawili akasukuma sahani. Kumuuliza, ananiambia, "Mama mdogo, kichwani ni kama kuna redio mtu kaiacha inaunguruma."

Binti yangu, mgonjwa wa tamthilia za Kikorea zilizotiwa sauti za Kiswahili, anasema Korea Kusini nako wanafunzi wanakunywa hivihivi, na watafiti wamekuta wanaozidisha ndio wenye huzuni na msongo zaidi. Sasa nauliza: chupa ndizo zimemharibu kijana, au aliharibikiwa kwanza ndipo akazikimbilia? Na mimi niliyezipanga kwenye friji nifanyeje?

Dogo wa Gungu

Mama unakuza mambo. Mimi nashusha tatu kwa siku na nikifika nyumbani nalala kama gogo. Mwache mtoto asome.

Nesi wa Tabora

Wewe wa Gungu ni mtu mzima, na hakuna anayekusubiri kwenye chumba cha mtihani. Tumwache mama apate jibu.

Dada, hicho alichokisikia binti yako kipo. Korea Kusini wana dodoso la afya la wanafunzi wa sekondari, kila mwaka tangu 2005. Makumi ya maelfu ya watoto wanajaza kwenye kompyuta hapohapo shuleni, bila jina. Wanaulizwa wanakunywa nini na mara ngapi, wanalalaje, kama walishawahi kuzama kwenye huzuni wiki mbili mfululizo hadi shughuli zikasimama, hata kama wamewahi kufikiria kujiua. Waliochambua majibu wamekuta tena na tena kwamba wanaokunywa enaji sana ndio pia wanaotaja huzuni, msongo na usingizi mbovu. Ila mtoto anajibu yote kwa mkao mmoja. Ni sawa na picha: unawaona wawili wamesimama pamoja, lakini nani alimfuata mwenzake haikuambii. Swali lako ndilo hilohilo linalowasumbua wao.

Mimi ningeangalia usingizi kwanza. Tukiwa macho ubongo unakusanya kitu kinaitwa adenosini, ndicho kinachotutia usingizi. Kafeini inakaa kwenye kiti chake, kwa hiyo uchovu unabaki pale pale ila huusikii. Na haitoki haraka. Akinywa saa nne usiku, saa tisa usiku karibu nusu yake bado iko mwilini. Mtoto anajilaza lakini halali sawasawa, asubuhi kichwa kizito, somo haliingii, anaogopa, jioni anachukua nyingine. Hapo hata ukijua nini kilianza, mduara ushafunga.

Soma lebo zako. Nyingi zina kama miligramu 32 za kafeini kwa mililita 100, maana yake chupa ya mililita 300 ina karibu 96. Wakorea wanashauri mtoto asipite miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kijana wa kilo 52 ni 130. Chupa mbili keshapita mbali. Mwaka 2018 wao walipiga marufuku kahawa kuuzwa shuleni, hata mashine ya walimu ikaondolewa.

Usimkatize ghafla, kichwa kitamuuma na atakuwa mkali. Mpunguzie siku hadi siku, na baada ya saa tisa mchana asiguse kabisa. Na muulize waziwazi kama anawaza kufa au kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali ya Maweni siku hiyohiyo.

Mzee wa Kahawa Ujiji

Nimeuza kahawa na kashata miaka mingi, na mwenye sare simmiminii. Baba yake atanikuta wapi? Lakini mwanangu nesi, marufuku peke yake naona ni nusu ya kazi. Ukimnyima hapa ataipata Kibirizi.

Halafu hili la kukesha. Wavuvi wetu wa dagaa wanakesha na taa ziwani, hakuna anayewazidi. Mbalamwezi ikiwa kubwa wanakaa nyumbani, wanashona nyavu, wanalala, kwa sababu dagaa hawafuati taa na wanajua ni kazi bure. Huyo kijana hana mbalamwezi. Nani kamwambia kila usiku ni wa kwenda ziwani?

Nilirudia Mtihani

Mama mdogo, mimi nilikuwa huyo kijana. Kwangu ilikuwa kahawa ya unga, vijiko vitatu kwenye maji ya moto. Hakuna aliyeniuliza naogopa nini, wote waliniuliza nimefika sura ya ngapi. Huko Korea mtihani wao mkubwa, Suneung, nao ni Novemba, na dakika za kusikiliza Kiingereza ndege hazitui wala haziruki nchi nzima. Hebu fikiria unafanya mtihani na hata rubani anajua. Kwetu hakuna rubani, ila kuna mtaa mzima. Muulize anamwogopa nani.

MamaDuka wa Mwanga (Kigoma)

Narudi na habari, na aibu kidogo.

Jana nilifunga duka mapema, tukakaa uani. Nilimuuliza lile la nesi kwanza, ulimi mzito kama nini. Akasema hapana, hajawaza kufa, ila amewaza kupanda gari arudi Kasulu asiage mtu. Nikamuuliza la yule aliyerudia mtihani. Akanyamaza mpaka mbu wakatuchosha, kisha akasema, "Wewe."

Kumbe mtihani wa utamilifu alipata daraja la nne akanificha. Na mimi tangu afike humu, kila akipita dukani, nawaambia wateja, "Mnamwona huyu? Huyu ndiye daktari wetu." Mtaa mzima wamelishika jina. Anatumwa nyanya, anaitwa daktari. Kila akisikia, anasema, anarudi ndani kufungua chupa.

Nilidhani namtia moyo.

Tumekubaliana moja kwa siku, tena asubuhi, wiki ijayo nusu. Wenye sare siwauzii tena. Friji imepungua mauzo na mwenye kreti amenuna. Kesho namfuata mwalimu wake wa darasa tupange masomo machache anayoyaweza. Na lile gunia nimeliacha kwake, kasema chupa atazitoa mwenyewe.

Leo saa tatu usiku mteja wangu wa vocha kachungulia dirishani, "Daktari yuko wapi?" Nikamwambia anaitwa Yusufu, na amelala.