Visamaki vyangu vya maji ya chumvichumvi vinakufa, naombeni ushauri wa haraka

Mpole_Tegeta: Wakuu, habari za jioni. Nina tenki la kioo la lita 60 sebuleni, nafuga visamaki vidogo vya maji ya chumvichumvi, yale ya mto unapokutana na bahari. Wiki tatu zilizopita walikuwa tisa, leo wamebaki watano. Maji masafi, pampu inapiga mapovu usiku kucha, chakula wanapata. Swali ni moja tu: niongeze chumvi au nipunguze? Wenye uzoefu tafadhali, utani pembeni, nina haraka kidogo.

Kachumbari: Ongeza. Na ndimu, na pilipili. Mafuta yakichemka tushtue.

Fundi_Bomba: Chumvi gani? Kama ni ya mezani, acha leo hii. Maji ya bahari yana madini mengi mengine ambayo hayamo kwenye pakiti ya dukani. Maji ya bomba unayalaza ndoo wazi klorini itoke? Na samaki gani hao?

Mpole_Tegeta: Situmii ya mezani mkuu. Nachota bahari kwa dumu, nachanganya nusu kwa nusu na ya bomba yaliyolala siku mbili. Yakipungua najazia. Samaki ni wa kawaida tu.

Mama_Swaumu: Hayo matenki nayajua mimi. Baba Swaumu alileta lake, kanikatazia hata kulifuta vumbi. Umeme ukakatika saa tano usiku, pampu kimya, alfajiri wote wameelea tumbo juu kama vitumbua kwenye karai. Alilala na njaa siku hiyo, kwa huzuni anasema. Sasa hivi naweka unga humo na panya hawafiki. Mwanangu, mkeo anasemaje kuhusu harufu?

Mpole_Tegeta: Sina mke mama. Chumvi jamani.

Bwawa_la_Mwatiko: Mimi niko Tanga, nina mabwawa mawili ya kufugia samaki aitwaye mwatiko. Masika chumvi inashuka, kiangazi inapanda, na mwatiko anavumilia yote. Mwaka mmoja ukingo ulibomoka usiku, bamvua, yale maji makuu ya bahari, likaingia, nikahesabu hasara huku nimesimama kiunoni kwenye tope na tochi mdomoni. Ila hayo tuyaache. Hujasema unajazia maji gani.

Mpole_Tegeta: Ya bahari. Si ndiyo kwao?

Bwawa_la_Mwatiko: Ndipo ulipokosea. Chumvi haipandi na mvuke. Umewahi kuona mashamba ya chumvi? Bahari inaingizwa, jua linanyonya maji, chumvi inabaki chini nyeupe. Ndicho unachofanya sebuleni. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo nusu kwa nusu ulianza na 17 na kitu. Tenki likipungua lita sita ukajazia bahari, umemwaga gramu 210 juu ya chumvi ambayo haikwenda popote. Jazia maji baridi tu, yaani yasiyo na chumvi. Bahari ingiza siku ya kubadilisha maji, ukiwa umeyatoa mengine. Lakini hilo peke yake sidhani limeua wanne. Taja samaki.

Mpole_Tegeta: Jina sijui. Niliwakamata mwenyewe Kunduchi kwenye mikoko. Wale wenye macho juu ya kichwa, wanarukaruka kwenye tope maji yakitoka.

Bi_Mkunguni: Yakhe! Na maji umeyajaza mpaka wapi?

Mpole_Tegeta: Mpaka juu, nimeacha vidole viwili. Kifuniko nimekibana kwa gundi ya karatasi maana wanaruka.

Bi_Mkunguni: Basi umewazamisha. Hao huvuta hewa kwa ngozi na kwa ndani ya mdomo, madhali wamelowa. Muda mwingi wapo nchi kavu, wanatembelea mapezi ya mbele kama mtu anayejivuta kwa viwiko. Wewe umewafungia majini, hawana pa kukanyaga, na hewa ya juu umewabania. Teremsha maji yabaki kina cha kiganja, weka mchanga na jiwe la kupanda. Kifuniko kibaki, wasitoroke na hewa isikauke, ila kiinuliwe hewa ipite.

Shahidi_Macho: Wakuu, hii chai, tena haina sukari. Samaki kazama majini? Kesho tutaambiwa bata kafa kwa kuoga. Huyu huyu mwezi jana alikuwa Dodoma anatafuta soko la mayai ya kware. Leo ana mikoko. Uzi bila picha sichangii.

Kachumbari: 😂😂 Kware wamegeuka samaki. Bi Mkunguni ni akaunti yake ya pili huyo.

Bi_Mkunguni: Mie nina wajukuu sita, sina akaunti ya pili wala ya tatu. Njoo mikokoni maji yakitoka uone.

Raia_Mwema: Kweli au uongo, mikoko ni msitu wa hifadhi. Ulimuuliza nani kabla ya kuchota?

Mpole_Tegeta: Kware walikuwa wa shemeji, nilimwandikia tu. Na sijakata mti. Sasa semeni ukweli wenu nami niseme wangu: samaki si wangu. Kuna mama ana mgahawa, nimeshachukua advansi ya laki na nusu, tenki linakwenda Jumamosi. Anataka limejaa, na taa ya bluu. Maji ya kiganja yataonekana kama beseni la kufulia. Nikiteremsha nusu tu haitoshi?

Fundi_Bomba: Kumbe haraka yenyewe hiyo. Laki na nusu ungeisema mwanzo tusingezunguka.

Bi_Mkunguni: Nusu bila jiwe ni kuzama vilevile, tofauti ni muda. Na madume hao hugombana, watano kwa lita 60 ni wengi.

Mpole_Tegeta: Nimeteremsha. Nimeweka tofali lililovunjika. Mmoja kapanda saa hii hii, kakaa juu ya tofali mkia uko majini, jicho moja linazama kichwani linarudi, kisha la pili. Ananiangalia.

Shahidi_Macho: Picha.

Mpole_Tegeta: Kamera ya simu imepasuka.

Shahidi_Macho: Nilijua.

Mpole_Tegeta: Mama kapiga simu sasa hivi. Kasema maji kidogo hana neno, ila anauliza kama anaweza kuwachanganya na wale wekundu wa dukani.

Bwawa_la_Mwatiko: Wale wa maji baridi? Rudisha hela.