Mrejesho: Majirani wa mtaa wetu, Ujiji
Mwezi uliopita niliuliza namna ya kuwakutanisha majirani wa mtaa wetu hapa Ujiji, ambao baada ya wizi wa usiku walianza kutazamana kwa mashaka. Nawashukuru mlionishauri nianze na balozi wa nyumba kumi, mfumo ulioasisiwa na TANU miaka ya 1960, kwani ndiye aliyetuitisha chini ya mwembe. Tulikubaliana kila kaya iwashe taa ya nje, na bibi anayeishi peke yake ajuliwe hali kila asubuhi. Sikutarajia watoto wangeipigania zamu hiyo. Ulinzi bado unasuasua, maana vijana wengi huenda ziwani kuvua dagaa katika usiku usio na mbalamwezi, ambao ndio tunaouhofia zaidi.