Kuipima shule ndogo ya sekondari kwa matokeo ya UNEB (Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda)

Mzazi, Jinja:
Ndugu zangu, nimeelekezwa kwenye shule ndogo ya binafsi iliyokuwa na watahiniwa 14 tu wa UCE (mtihani wa kidato cha nne) mwaka jana. Je, matokeo ya UNEB yanatosha kuipima?

Mwalimu, Mbale:
Hayatoshi, mzazi mwenzangu. Kati ya watahiniwa 14, mmoja tu akiteleza, kiwango cha kufaulu hushuka kwa asilimia 7, kwa hiyo utazame miaka kadhaa. Hata hivyo, tangu mtihani wa 2024, wa kwanza kufuata mtaala mpya ulioanza 2020, gredi ni A hadi E badala ya madaraja ya zamani, na asilimia 20 ya alama hutokana na tathmini ya shuleni. Usiyalinganishe matokeo hayo na ya miaka ya nyuma moja kwa moja.

Karani wa shule, Masaka:
Mimi ningeanza na idadi ya walioingia kidato cha kwanza na alama zao za PLE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi). Ikiwa walipokelewa 30 (nasema kwa mfano tu), wengine wamekwenda wapi? Hakikisha pia kwamba shule ina namba yake ya kituo cha mtihani, kwani isiyo nayo huwasajili wanafunzi wake katika shule jirani, na matokeo yao husomeka kwa jina la jirani huyo.