Naomba ushauri: kubadilisha difu za Land Rover Series III kutoka 4.7 kwenda 3.54

Ndugu zangu, nina Land Rover Series III fupi ya inchi 88, yenye injini ya petroli ya lita 2.25, ninayoitumia kati ya Dodoma mjini na shamba langu upande wa Kondoa. Difu zake (gia za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) bado ni za kiwandani, yaani propela, shafti inayoleta nguvu kutoka giaboksi, huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja, na nikifika kilomita 80 kwa saa injini hulia kiasi kwamba mimi na mke wangu tunazungumza kwa ishara.

Fundi wangu amenipatia difu mbili za 3.54 kutoka kwenye Range Rover ya zamani. Nimehesabu mwenyewe meno ya ndani, pale shafti ya gurudumu inapoingia, nikakuta ni 10 kama ya kwangu, si 24 ya matoleo ya baadaye. Ninafahamu pia kwamba ni lazima nibadilishe ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, maana zikitofautiana, siku nitakapoweka foo wili zitavutana hadi kitu kivunjike.

Hofu yangu ni nguvu. Mizunguko ya injini itapungua kwa takriban robo, jambo jema kwenye lami, lakini nikiwa na magunia sita ya alizeti katikati ya mchanga wa korongo, gia ya kwanza itatosha kweli? Aliyewahi kufanya hivi kwa injini hii hii alijuta, au ni afadhali nibaki na difu zangu nitafute ovadraivu (gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini kwenye mwendo wa kasi)? Na mshale wa spidi, ambao utasoma pungufu, mliurekebishaje?