Majitaka Mbezi Beach: niunge bomba au nibaki na shimo langu?

Kipanga_Pwani: Wakuu habari za leo. Bomba la mradi wa majitaka limefika nje ya geti langu. Nina septiki (tenki la kutuliza uchafu) na shimo la kunyonyea, maji yanazama ardhini. Niunge au niache?

Mama Tunu: Mbona la maana hujasema? Mko wangapi, linajaa lini, kiwanja kiko juu ya barabara au chini?

fundi_chemba: Hilo la mwisho ndilo lenyewe. Bomba la inchi 4 linataka kushuka kama sentimita 2.5 kila mita. Choo kikiwa chini ya chemba ya barabarani utanunua pampu, na umeme ukikatika tusilaumiane.

Kipanga_Pwani: Tuko sita, na wapangaji uani. Linajaa masika. Mteremko sijapima.

Mzee wa Bati: Likijaa masika tu, hayo ni maji ya ardhini, ukanda huo yako juu. Mimi nilizika tenki la plastiki. Masika nikaita gari la kunyonya, dereva akavuta mpaka chini kabisa, nikafurahi. Usiku mvua ikapiga. Asubuhi tenki tupu limesukumwa na maji ya ardhini, limeibuka, limebeba pevingi mgongoni na kung'oa bomba la choo cha wageni. Shemeji yangu alikuwa ndani ya choo hicho. Dereva hapokei simu mpaka leo.

Mama Tunu: 😂 Pole. Wewe angalau uliita gari. Huku kwetu wanangoja mvua watapishe mashimo yao mtaroni, watoto wanavuka mtaro huo huo kwenda shule.

Mjini Kati: Mnashangilia bomba? Sisi tunalo miaka mingi, na chemba zinafurika kwa taulo za kike na mafuta ya chipsi. Halafu bili kila mwezi kwa uniti za maji. Gari unalipa likija tu.

Mzee wa Bati: Na likitoka kwako linamwaga wapi? Vingunguti kwenye mabwawa ya majitaka, au mtoni?

Mjini Kati: Hilo muulize dereva wako, mzee.

fundi_chemba: Ukiunga, maji ya mvua ya kwenye bati usiyaingize humo. Shimo la zamani linyonywe, lijazwe kifusi.

Kipanga_Pwani: Sawa fundi. Na sisi wa kisima, bili ya majitaka inahesabiwaje?

Mama Tunu: Una kisima?! Hatua ngapi toka shimoni?

Kipanga_Pwani: Kumi hivi. Ila maji yake matamu.

fundi_chemba: Leta picha ya kiwanja.