Daktari kasema "uvimbe wa vichujio", karatasi yasema seli zimeongezeka. Ni kansa?

Ndugu_Kisauni: Assalam aleikum wana jukwaa. Mdogo wangu, miaka 19, alishikwa na koo, akanywa vidonge viwili vya duka akaacha. Wiki mbili baadaye akaamka uso umefura, macho hayafunguki, mkojo rangi ya strungi iliyolala. Kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huichuja, ikawa yapanda kila wakipima, ndipo wakamdunga sindano mgongoni wakatoa kinyama cha figo. Majibu: seli ndani ya vichujio zimeongezeka, na mstari wa chini, kuna seli zinazokufa. Daktari alikuwa na foleni hadi mlangoni, akasema ni uvimbe wa vichujio, rudini Jumatatu. Mama kusikia "uvimbe", hajashuka kwenye mswala tangu jana. Nambieni, ni kansa? Na vipi seli ziongezeke na papo hapo zife?

DadaZamu: Waaleikum salaam. Neno ndilo lililowaponza. Mtaani uvimbe ni kansa. Daktari alimaanisha figo imewaka, kama jipu linavyowaka kabla ya kutunga usaha. Nimeliona hili wodini mara nyingi hadi nimechoka.

Kila figo ina vichujio kama milioni 1, kila kimoja kifundo cha mishipa myembamba ya damu. Kati ya mishipa kuna seli za mesanjia zinazoishikilia. Baada ya koo, kingamwili hushikana na mabaki ya bakteria, zikanasa humo. Chembe nyeupe huitwa, mesanjia nazo huanza kuzaana. Kichujio chajaa, mkojo wapungua, kreatinini yapanda. Seli ya kansa haisikii la mtu. Hizi huitikia mwito, na mwito ukikatika hutulia.

Zilizozidi sharti ziondoke, na njia kubwa ni kufa. Seli hunywea, hukatika vipande, na jirani humeza vile vipande kabla havijamwaga uchafu. Wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie waliita hali hiyo apoptosisi mwaka 1972, neno la Kigiriki la majani kupukutika. Mwenye mkungu uani ashaelewa: wafagia asubuhi, jioni majani tele, na mti u hai.

Muuza_Viungo: Dada kasema kweli, ila si kila kifo ni cha heri. Mimi nina ugonjwa wa IgA, yaani kingamwili ya jina hilo hunasa kwenye vichujio. Zilizokufa kwangu ni podosaiti, zile zinazoshika ukuta wa kichujio kwa nje. Hizo hazizaani kwa urahisi; zikipotea nyingi, mahali pake huwa kovu, na kovu halichuji. Kwa hivyo kaulize ni seli zipi zinakufa. Uliza pia kama wameona hilali, yaani seli zimejazana pembeni mwa kichujio kwa umbo la mwezi mwandamo. Zikiwa nyingi, usingoje Jumatatu.

Baharia_Likoni: Mwarobaini, mchemshe siku saba. Ami yangu alipona.

DadaZamu: Ami yangu Baharia, wengi wa ugonjwa huu wa baada ya koo hupona hata bila mwarobaini, ndiyo maana kila dawa yasifiwa. Figo iliyowaka usiipe mizizi usiyojua kipimo chake. Wala diklofenaki, hata mgongo ukiuma. Chumvi ipunguzwe: ng'onda, papa mkavu, achari, vyote vipumzike. Presha ipimwe kila siku, na mkojo ukikatika au pumzi ikimbana, mkimbizeni usiku huo huo.

Ndugu_Kisauni: Nimerudi leo na karatasi. Hilali hakuna, kovu hakuna, podosaiti ziko. Zilizozidi ni mesanjia. Kreatinini imeshuka kidogo, ingawa daktari asema damu kwenye mkojo yaweza kuonekana kwa hadubini hata miezi kadhaa. Mama kashuka mswalani, kamaliza papa wote kwa kumgawia jirani. Achari kaificha, anadhani sijaiona.